Kilima Hakipandwi kwa Macho



Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, mkoani Tanga, ina urefu wa kilomita zipatazo 33. Kwa gari ni safari fupi. Kwa baiskeli, ukiwa peke yako na mzigo umefungwa kwenye keria, ni darasa.

Siku niliyoipanda, nilifanya kosa mapema: niliinua macho nikautazama mlima wote. Miguu ikalegea kabla ya kazi kuanza. Nikateremka, nikakaa kivulini, nikajiambia: leo nitaitazama kona moja tu, iliyo mbele yangu. Ikiisha, nitaitafuta nyingine.

Kona kwa kona, joto la Mombo likabaki bondeni. Njiani, pale Soni, nikapumzika, nikala ndizi, nikasikia maporomoko ya maji yakinguruma. Mama mmoja muuza matunda akaniambia, "Pole na safari, mwanangu. Umeshafika, bado kidogo." Neno lile lilinisukuma kuliko gia yoyote. Niliondoka nyumbani peke yangu, lakini sikufika Lushoto peke yangu.

Ndugu yangu, huenda leo umeamka na mlima wako: deni, ugonjwa, ada ya shule. Usiupande wote kwa macho. Tafuta kona ya leo, uimalize. Na ukimkuta mwenzako njiani anahema, usimpite kimya. Mwambie pole, mpe maji.

Haba na haba hujaza kibaba.