Mgeni wa Mlima na Jembe la Siku ya Tatu

Je, ni haki mtu kupanda mlima kwa kujifurahisha tu, mahali ambapo mlima huohuo ni shamba la mwenzake? Swali hili laweza kuonekana jepesi, lakini kwetu Burundi lina uzito. Nchi yetu ina zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao huishi kwa kulima miteremko. Neno la Kirundi umusozi linataja mlima, na pia linataja kwao mtu: ukiulizwa unatoka wapi, unataja mlima. Basi anayekuja kutazama mandhari anatazama nyumbani kwa watu.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aligusia jambo hili mwaka 1790. Alimtaja mkulima wa Savoie, katika milima ya Alps, aliyewaita wapenzi wa milima ya barafu wapumbavu. Kwa maoni ya Kant, mkulima yule alikuwa na akili zake timamu, ila alikosa malezi ya kumwezesha kuuona utukufu wa mlima. Aliona hatari na taabu tu. Hata hivyo Kant aliongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kama msafiri aliyekuwa akizungumzwa, mwanasayansi Saussure, angepanda kwa kujifurahisha tu na si kwa ajili ya kuwaelimisha watu, huenda mkulima asingekosea sana.

Mimi nakubaliana na nyongeza hiyo kuliko hukumu yenyewe. Mwaka 1786 watu wa kwanza kufika kilele cha Mont Blanc walikuwa wenyeji wa bonde la chini yake: Jacques Balmat, aliyeishi kwa kutafuta mawe ya thamani milimani, na daktari Michel Paccard. Balmat alitamani pia zawadi iliyoahidiwa na Saussure. Kumbe mtu mwenye shida ya riziki anaweza kuufahamu mlima kuliko mtalii. Tofauti kati ya mkulima na mgeni haiko katika macho. Iko katika gharama: mmoja analipa ili auone mlima, mwingine analipa kwa sababu anaishi nao.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, mlima unaofanana zaidi na Alps ni Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, wenye theluji na kimo cha mita 5,109. Wakonzo waliijua theluji ile kwa jina la Nzururu, na katika imani yao Kitasamba anakaa huko juu. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi alikifikia kilele, nacho kikapewa jina la Margherita, malkia wa Italia. Mizigo ya safari ile ilibebwa na wapagazi Waafrika, na ramani haimtaji hata mmoja wao. Aliyekuja na kuondoka aliacha jina. Aliyebeba alirudi kwake na uchovu.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya wakoloni peke yao. Mto Ruvubu, unaopita katika ardhi ya Gitega ninaposoma, unateremka hadi Muyinga na kuingia Tanzania. Kando yake ipo Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kugusa Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi. Leo tunakwenda huko kuona nyati, viboko na vilima visivyolimwa. Lakini vilima hivyo havikuwa vitupu: familia zilihamishwa ili hifadhi ipatikane. Bibi mmoja wa Muyinga, nilipomsifia mandhari ile, aliniambia, "Mjukuu wangu, nyinyi mnalipa mlangoni. Sisi tulikwisha kulipa."

Mtu atasema: bila hifadhi, miteremko yote ingelimwa, udongo ungechukuliwa na mvua, na wajukuu wa bibi huyo wasingebakiwa na kitu. Hoja hii ni ya kweli. Na si kweli kwamba uzuri ni anasa ya wageni. Ngoma za Gishora, karibu na mji wa Gitega, huchongwa katika mti wa umuvugangoma. Wazee wetu walijua kwamba mti una matumizi zaidi ya kuni. Kwa hiyo sisemi hifadhi zifungwe, wala wanafunzi wasipande milima.

Ninachosema kimo katika methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ugeni si haki isiyo na mwisho. Unageuka kuwa wajibu. Tatizo la mtalii ni kwamba huondoka kabla ya siku ya tatu, na hivyo jembe halimfikii kamwe. Haki inadai tumtafutie jembe lake mapema. Amlipe vizuri anayemwongoza na anayembebea mzigo. Ajifunze majina ambayo mahali hapo palikuwa nayo kabla yake. Aulize ni nani aliyehama ili yeye apate njia ya kutembea. Nasi tunaosoma tudai kwamba watoto wa waliohamishwa wawe wa kwanza kuajiriwa katika hifadhi na wa kwanza kuingia bure.

Hata hayo yakitimizwa yote, deni halitakwisha. Mlima wa mtu hauwezi kurudishwa bila kuukata msitu uliokwisha kuota juu yake, na fedha hazijibu swali la unatoka wapi. Kwa hiyo naona kwamba furaha ya mlimani ni halali, lakini ni furaha ya mdaiwa. Anayeipata akijiona mwenye mali, huyo ndiye ambaye mkulima wa Savoie angekuwa na haki ya kumcheka.