Mashujaa wa Senema na Itikadi za Watoto Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mmoja wa pekee, asiye na mshirika wala mfano. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baadu:

Ndugu zangu Waislamu, ziko kadhia ambazo sisi tuliosoma tumezoea kuzipuuza kwa kuziona ni mchezo wa watoto, na tunapozinduka huwa zimekwisha kuota mizizi. Katika jumla ya kadhia hizo ni picha za senema za wale mashujaa wenye nguvu zisizokuwa za kibinadamu, ambao baadhi yao wamechotwa katika ngano za miungu ya kale. Mwaka 2011 ilitoka picha ya Thor, na huyo Thor ni mungu wa radi waliyekuwa wakimwabudu watu wa kaskazini ya Ulaya kabla ya kuingia katika Ukristo, na Waingereza hata leo siku ya Alhamisi waiita kwa jina lake. Mwaka 2017 ikatoka ya Wonder Woman, anayedaiwa kuwa ni binti wa Zeus, mungu mkuu wa Wayunani. Mwaka 2018 ikatoka Black Panther, nayo ndiyo iliyotufikia sisi Waafrika mpaka ndani ya nyumba zetu.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Nairobi na Mombasa tu. Leo senema haina haja ya jumba. Imo katika simu ya mtoto, na imo katika vibanda vya video vya kila mji mdogo, ambako picha za kigeni husimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi mfano wa DJ Afro, hata asiyejua neno la Kiingereza akafahamu kila kinachotendeka.

Nimeliandika hili kwa sababu nilikwenda bara, Bungoma na Kitale, kusomesha katika siku za likizo, nikaukuta mzozo. Ndugu zetu wa huko si wengi. Baadhi yao ni kizazi cha watu wa pwani walioifuata njia ya misafara iliyopita Mumias, na wengine ni wenyeji wa nchi ile waliosilimu, wao au wazee wao. Wanaishi katikati ya watu wa dini nyingine, na madrasa zao ni chache. Kwa hivyo jambo linalokuja kwetu kama upepo, kwao huja kama dhoruba. Lakini nawaambia kweli: niliyoyaona kule yako hapa pia, ila sisi tumeyazoea hata hatuyaoni.

Wanazuoni wametufunza kwamba kitu hakihukumiwi mpaka kieleweke. Basi tuieleze picha yenyewe. Uzinduzi wake katika Afrika ulifanywa Kisumu tarehe 13 Februari 2018, kwa kuwa Lupita Nyong'o, mmoja wa wachezaji wake, kwao ni huko. Inahusu ufalme wa Wakanda, ufalme wa kubuni usiokuwako duniani, wenye utajiri na ilimu iliyowashinda Wazungu. Mfalme wake, T'Challa, hunywa dawa ya mti akapata nguvu za ajabu, hufukiwa kwa mchanga, na roho yake huenda kwa wazee waliokufa ikawataka shauri. Watu wake humwabudu Bast, sanamu la paka la Wamisri wa kale, na kabila moja la milimani humtukuza Hanuman, anayeabudiwa na Wahindu.

Niliwakuta watazamaji wamegawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni waliofurahi. Walipishanisha mikono vifuani wakasalimiana kwa salamu za Wakanda, wakasema: leo tumemwona mtu mweusi akiwa mfalme, si mtumwa wala mpagazi. Fungu la pili ni waliokasirika, wakasema yote ni haramu na kila aliyetazama amekufuru. Fungu la tatu ni watoto, nao hawakusema kitu ila waliuliza maswali, na maswali yao hayakujibiwa na mtu.

Ama fungu la kwanza, furaha yao mimi siilaumu. Mtu aliyedharauliwa muda mrefu hufurahi akisikia sifa hata ya uwongo. Lakini ndugu yangu, kwa nini heshima yako uijenge juu ya ufalme ambao haukuwako, na zilizokuwako unazo? Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaikuta Kilwa ina Sultani mkarimu, Al-Hassan bin Suleiman, na mji ule ulipiga sarafu zake wenyewe na kujenga msikiti ambao magofu yake yamesimama hata leo. Mansa Musa wa Mali alihiji mwaka 1324, na dhahabu aliyoigawa Misri ikazungumzwa kwa miaka mingi. Na kabla ya hao wote, sahaba walipoteswa Makka walikimbilia kwa Najashi wa Uhabeshi, mfalme mweusi, akawahifadhi na akakataa kuwauza kwa zawadi za Makureshi. Na Makka ilipofunguliwa, katika mwaka wa 8 wa Hijra, aliyepandishwa juu ya Al-Kaaba kuadhini ni Bilali. Haya hayakutungwa na mtengeneza picha.

Alikuwako huko Kitale mtu aliyeniambia: "Sheikh, hata Saudia ilipofungua majumba ya senema mwezi wa Aprili 2018, baada ya kufungwa miaka 35, picha ya kwanza ilikuwa hiyo. Basi itakuwaje na ubaya?" Nilimjibu kwamba dini yetu haichukuliwi katika matendo ya serikali, iwe ya Riyadh au ya Nairobi. Kisha nikamwambia: watazame wakaguzi wa senema wa India. Picha hiyo ilipofika kwao walilinyamazisha jina la Hanuman, kwa kuona mungu wao hafai kutajwa katika mchezo. Wao wameona kwamba jina la mwabudiwa si mchezo. Sisi tunaoshuhudia asubuhi na jioni kwamba hapana apasaye kuabudiwa ila Allah, tumekosa hata kuwaeleza watoto kwamba lile wanaloliona likiombwa katika kioo ni sanamu.

Wala tusiseme ni mchezo tu, hauwezi kuleta itikadi. Katika Suratu Nuh yametajwa masanamu matano ya kaumu yake, na imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba majina yale asili yake yalikuwa ya watu wema. Walipokufa, watu walitengeneza mifano yao wapate kuwakumbuka tu. Kizazi kile kilipopita na ilimu ikasahauliwa, mifano ikaabudiwa. Angalieni mwendo wake: kwanza sifa, kisha picha, kisha kusahau, kisha ibada. Kinachotenga sifa na ibada ni ilimu. Na ilimu ndiyo tunayoiacha ikauke.

Lakini tusimcheke T'Challa kwa kwenda kuomba shauri kwa wafu, na sisi wenyewe hatujatoka huko. Wangapi katika pwani yetu hii wakipatwa na shida hukimbilia kaburini na ubani na shuka nyekundu? Wangapi hupeleka chakula kwenye mizimu ya mapangoni, na swala ya alfajiri haijawahi kuwaona? Na la ajabu ni kwamba picha ile yenyewe, karibu na mwisho wake, inamwonyesha mfalme akirudi kwa wazee wake waliokufa na kuwaambia usoni kwamba walikosea. Mtunga ngano ametambua kwamba wazee hukosea, na kwamba kuwafuata upofu ni balaa. Qur'ani imewalaumu mara nyingi wale wanaojitetea kwa kusema wamewakuta baba zao juu ya mila ile. Sasa sisi tutasema nini siku ya hesabu?

Tena iko aibu nyingine, nayo ni kwamba sisi tumewageuza sahaba wa Mtume kuwa mashujaa wa namna hiyohiyo. Katika Utendi wa Tambuka, uitwao pia Herekali, ulioandikwa Pate mwaka 1728, husimuliwa vita vikubwa na Warumi, na Sayyidna Ali anafyeka majeshi kama mtu afyekaye nyasi. Na hali wenye ilimu ya sira wanajua kwamba Mtume alikwenda Tabuk katika mwaka wa 9 wa Hijra akarudi, wala hapakupiganwa na Warumi. Na Rasi 'lGhuli wa tendi zetu, jina lake sasa amepewa adui wa Batman katika hadithi za Waamerika, tangu mwaka 1971. Tendi hizo ni hazina ya lugha yetu, na washairi wake ni mabingwa, sisemi zichomwe. Nasema zisomwe kama ushairi, zisisomeshwe kama tarehe ya dini. Mtoto aliyelelewa kwa Ali asiyeumia atakapokua na kumwona Thor asiyeumia, atatofautisha kwa lipi?

Ama fungu la pili, waliokasirika, ghera yao naiheshimu, lakini njia yao siikubali. Niliambiwa habari za baba mmoja aliyemkuta mwanawe amepishanisha mikono mlangoni mwa madrasa, akampiga mbele ya wenziwe. Mtoto yule hakurudi tena madrasa. Nilipokwenda kumtazama baba yake dukani kwake, niliona juu ya mlango hirizi imetundikwa kwa ajili ya kuvuta wateja. Nilimwuliza: "Bwana, mwanao alicheza mchezo wa nguvu zisizokuwa za Mungu, na wewe je, hili umelitundika kwa mchezo?" Akanyamaza. Basi jiulizeni ni yupi aliyekuwa karibu zaidi na hatari.

Na kama watu hawa wangaliisoma sira, wangaliona kwamba jambo hili si jipya. An-Nadhr bin Harith alikuwa mfanya biashara wa Makka aliyekwenda nchi za Waajemi akajifunza ngano za Rustam na Isfandiyar, mashujaa wao wa kale. Kila Mtume alipoondoka barazani, yeye hukaa mahali pake akawasimulia watu hadithi zake, na kuwaambia kwamba yeye ni msimulizi bora kuliko Muhammad. Hakika Mwenyezi Mungu amewakemea wanaonunua maneno ya upuzi ili kuwapoteza watu. Lakini hakukomea hapo. Aliteremsha visa vya haki, na kisa cha Yusufu akakiita kizuri kuliko vyote. Ndugu zangu, hadithi haiondoshwi moyoni mwa mtoto kwa bakora. Huondoshwa kwa hadithi iliyo bora kuliko hiyo.

Wala si kila kisa cha shujaa ni shirki. Watoto wa Bungoma wamesikia kwa babu zao wa Kibukusu kisa cha Mango, aliyemvizia nyoka Yabebe pangoni akamkata kichwa. Sisi tuna Fumo Liyongo, aliyeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Hivi ni visa vya wanaadamu, hodari na wenye akili, na mwisho wao ni mauti kama sote. Kisa cha namna hii kikisimuliwa kwa mpaka wake hakina madhara. Madhara huja pale binadamu anapopewa sifa za Mola wake.

Limebaki fungu la tatu, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Mtoto wa miaka kama kumi, huko Bungoma, aliniuliza mbele ya darasa: "Sheikh, mbona mitume wetu hawakuwa na nguvu kama hizi? Mbona Mtume wetu alipigwa?" Wenziwe walitaka kumzomea, nikawazuia, kwani swali lake ni la haki.

Nilimwambia hivi: Mwanangu, shujaa asiyeweza kuumia ana ushujaa gani? Akisimama mbele ya panga hasimami kwa moyo wake, anasimama kwa ngozi yake isiyopenya. Mtume wetu siku ya Uhud alijeruhiwa usoni, jino lake likavunjika, damu ikamtoka, na hakuacha mahali pake wala kazi yake. Ibrahimu alitiwa motoni hana silaha wala dawa ya mti, ana Mola wake tu. Fimbo ya Musa haikuwa na nguvu yake yenyewe. Bahari ilipasuka kwa amri ya Aliyeiumba. Na radi hii inayonguruma kwenu upande wa Mlima Elgon kila majira ya mvua, si ya Thor wala ya mchawi wa kijiji. Iko sura nzima katika Qur'ani yenye jina lake, Suratur Raad, na humo tumejulishwa kwamba radi humsabihi Mola wake. Basi ikinguruma, wewe nawe msabihi.

Basi yatupasa nini? Kwanza, kila madrasa, ya pwani na ya bara, itenge saa katika wiki ya kusimulia sira na tarehe za Waislamu wa Afrika, kwa lugha tamu na kwa habari zilizothibiti, si kwa kukaririsha majina tu. Pili, mzazi asimwachie mtoto simu kisha akamhukumu. Akae naye, atazame anachotazama, amwambie hili ni uwongo, hili ni shirki, na hili ni tabia njema ya kuigwa. Tatu, tuyatoe majumbani mwetu mahirizi na nadhiri za makaburini kabla ya kumwonyesha mtoto kidole. Nne, wenye uwezo katika miji ya pwani wawapelekee ndugu zao wa Kitale na Bungoma waalimu na vitabu, kwani sadaka ya ilimu hubaki hata mtoaji akishafukiwa.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kukuomba Wewe peke yako, na kutegemea kwako peke yako. Warejeshe katika darasa watoto wetu waliofukuzwa kwa ukali wetu, na utusamehe sisi tuliowafukuza. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.