Ukiipata, Utamwita Nani?

Andiko: Luka 15:8-10, Mathayo 13:44

Mnakijua kile kimashine ambacho askari wa supamaketi anakupitishia mwilini kabla uingie. Kikifika penye funguo, kinalia. Sasa, kina ndugu yake mkubwa mwenye mpini mrefu na duara kama sinia huku chini. Ndani ya duara kuna waya uliozungushwa mara nyingi, na umeme ukipita hapo unatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na shaba, fedha au dhahabu, ile metali inajibu, na mashine inalia. Kule Uingereza wako watu, wengi wao wastaafu, wanaoshinda mashambani na mashine hizi wakitafuta sarafu za kale. Huvaa vipokea sauti masikioni, kwa hivyo mlio ule unasikiwa na mtu mmoja tu. Shikilia hapo, nitarudi.

Mara nyingi ni msumari. Ama kizibo cha soda. Mtu anachimba, anafukia, anasonga mbele, mvua inamnyeshea. Halafu siku moja udongo unaachia kitu cha mviringo, anakifuta kwa kidole gumba, na sura ya mfalme aliyekufa miaka 1,600 iliyopita inamwangalia. Yeye ndiye wa kwanza kuigusa tangu siku mwenyewe alipoificha. Moyo unamdunda! Mimi sijawahi kushika mashine hiyo, lakini furaha ile naielewa, na sioni dhambi ndani yake. Yesu alipotaka tujue mbinguni kukoje mwenye dhambi mmoja akitubu, alituonyesha mama mmoja aliyeokota shilingi yake.

Mwangalie huyo mama. Anawasha taa, anafagia nyumba, anatafuta kwa bidii. Tunahubiri sana juu ya ufagio wake. Lakini akishaipata anafanya nini? Anawaita rafiki zake na majirani. Furaha yake ina mlango wazi.

Tarehe 16 Novemba 1992, kijiji cha Hoxne, Suffolk, mkulima mmoja alikuwa amepoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mzee aliyekuwa mtunza bustani kabla ya kustaafu, amtafutie kwa mashine. Nyundo tu! Mashine ikalia, Eric akachimba, zikatoka sarafu za fedha, za dhahabu, vijiko, mapambo. Za Warumi. Ardhi haikuwa ya Eric. Hata yule mkulima alikuwa amekodi tu, mwenyewe ni halmashauri ya kaunti. Jioni ile wangeweza kuchimba hadi chini kwa tochi. Waliacha. Wakapiga ripoti kwa wenye ardhi na kwa polisi, na kesho yake wataalamu wakaja kuchimba kwa utaratibu. Zilipatikana sarafu zaidi ya 14,800. Kwa sababu Eric alizuia mkono wake, wataalamu waliweza kujua hata vile vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku lake. Alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima, ingawa sheria ya wakati ule haikumlazimisha. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko makumbusho ya British Museum pamoja na zile dhahabu.

Mwaka 2015, karibu na Leominster, nchi hiyo hiyo, wanaume wawili mashine iliwalilia pia. Hazina ya zama za mfalme Alfred. Furaha ilikuwa ile ile, si ndio? Lakini hawa waliuza kimyakimya, wakafuta picha kwa simu. Polisi wakazirudisha zile picha. Mwaka 2019 mahakama ya Worcester iliwahukumu jela, mmoja miaka 10, mwingine miaka 8 na nusu. Sarafu nyingi hazijulikani ziliko mpaka leo. Lakini hata kabla ya polisi, hebu niambie, hawa walimwita jirani gani kufurahi pamoja nao?

Na usiseme haya ni ya Wazungu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba watafiti wamechimbua sarafu ya Kichina kisiwani Manda, hapo Lamu, yenye tundu la mraba katikati, ya mfalme Yongle wa mwanzo wa karne ya 15. Tunajua biashara ile ya kale kwa sababu aliyeiona alisema.

Najua kuna mtu ameshafungua Mathayo 13 ananiambia, “Pasta, lakini yule wa hazina shambani aliificha!” Kweli, aliificha. Endelea kusoma. Alienda akauza alivyokuwa navyo vyote, akanunua lile shamba. Hakurudi usiku na gunia. Wale wa Leominster walichukua sehemu ya kuficha, wakaruka sehemu ya kuuza vyote.

Sasa turudi kwa ule mlio wa mtu mmoja. Simu inalia, elfu nne mia tano zimeingia kwa M-Pesa kutoka kwa jina hulijui. (Matapeli wenye ujumbe bandia wapo, kwa hivyo angalia salio kwanza. Sizungumzii hao.) Salio limeongezeka kweli. Namba ngeni inapiga, wewe unazima simu, na Jumapili unakuja kutoa ushuhuda kwamba Mungu amefungua milango. Mpendwa, ungetoa ushuhuda huo kama aliyekosea namba ameketi kiti cha nyuma?

Hiyo ni ndogo. Iko nyingine inayonikosesha usingizi. Ndugu yako alifariki. Ukipanga vitu vyake ukapata karatasi ya sacco kwa droo, akiba ya miaka mingi. Mjane hajui. Watoto wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na yeye hajui. Wewe peke yako ndiye uliyesikia ule mlio. Hujaiba bado, umenyamaza tu, na kila mwezi kunyamaza kunakuwa rahisi zaidi. Nimekaa na wajane wa aina hii, wakiuza mboga kando ya barabara na hali pesa ya marehemu imelala. Sarafu ya Hoxne ilingoja miaka 1,600. Mtoto wa Darasa la Sita hawezi kungoja hivyo.

Ofisi yangu iko wazi Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na ile karatasi, ama na simu yenye ile pesa. Hatutaita kanisa zima. Tutapiga simu moja tu, mimi na wewe, kwa mwenyewe.