Mlete Marko

Somo: Matendo ya Mitume 13:13, 15:36–41, Wakolosai 4:10, 2 Timotheo 4:9–11

Jumapili iliyopita tuliangalia ugomvi ambao sisi wahubiri huupita mbio. Paulo na Barnaba, watumishi waliojaa Roho Mtakatifu, waliofunga na kuomba pamoja, walikosana mpaka wakaachana. Na hawakukosania mafundisho. Walikosania mtu: kijana Yohana Marko.

Katika safari ya kwanza Marko aliwaacha kule Perge ya Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba akataka aende nao. Paulo akakataa katakata. Basi Barnaba akamchukua Marko wakavuka kwenda Kipro, na Paulo akamchukua Sila wakapita Shamu na Kilikia.

Sasa hebu kumbuka: Paulo mwenyewe alipookoka, wanafunzi wa Yerusalemu walimwogopa. Ni nani aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume? Barnaba. Ni nani aliyemfuata Tarso akamleta Antiokia? Barnaba huyo huyo. Aliyepewa nafasi anamnyima mwenzake nafasi! Lakini tusimcheke Paulo. Mimi nimekuwa Paulo.

Wacha nishuhudie. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kiongozi wa vijana, tulipanga mkutano wa injili sokoni. Kijana mmoja alipewa kazi ya kuleta vyombo vya sauti. Saa nane ikafika, saa tisa ikapita, hakuna vyombo, hakuna kijana, na simu imezimwa. Watu wakatawanyika. Jumapili iliyofuata nikapanda madhabahuni, nikamtaja kwa jina, nikatangaza kwamba ameondolewa katika huduma. Kanisa likanyamaza kimya. Mimi nikadhani nimesimamia utakatifu.

Baadaye nikasikia kwamba siku ile alikuwa amepata kibarua, na kodi ya nyumba ilikuwa imemlemea. Aliona aibu kuniambia. Kosa lilikuwa lake, hilo silifichi. Lakini hata mimi sikuwa nimemwuliza. Akaacha kuja kanisani. Nikimwona stendi ya matatu, ninavuka barabara.

Kwa miaka mitatu nilihubiri upendo huku nikivuka barabara. Halafu Jumapili moja, nikiwa nimeshika kikombe cha Meza ya Bwana, yakanijia yale maneno ya Yesu katika Mathayo 5: ukikumbuka ndugu yako ana neno nawe, acha sadaka, nenda kwanza mkapatane. Hakusema ukikumbuka *wewe* una neno naye. Alisema *yeye* ana neno nawe. Nikakiweka kile kikombe chini.

Nilimwendea nyumbani kwake. Akanikaribisha, mkewe akaleta chai. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini akanitangulia: “Mchungaji, kosa nililifanya. Lakini ulinisema mbele ya mama yangu.”

Ndugu zangu, sikujua hata mama yake alikuwa ibadani siku ile. Nililia. Nikamwomba msamaha, kisha nikaenda kumwomba mama. Na kwa sababu nilimwaibisha mbele ya kanisa, nilirudi madhabahuni nikaomba msamaha mbele ya kanisa. Miguu ilitetemeka kuliko siku niliyohubiri mara ya kwanza.

Nimejifunza mambo matatu.

Kwanza, unaweza kuwa na haki juu ya kosa na ukamkosea mtu. Marko kweli aliondoka. Kijana yule kweli hakufika. Lakini kiongozi akishapata ukweli kuhusu kosa, bado kazi haijaisha. Mtu bado yuko.

Pili, toba iwe na upana wa kosa. Huwezi kumtukana mtu hadharani kisha ukamwomba msamaha kwa ujumbe wa simu usiku. Palipovunjika ndipo panapojengwa.

Tatu, kupatana si kumrudisha mtu kwa nguvu. Kijana yule hakurudi kwetu. Anahudumu katika kanisa lingine. Kuna waliosema safari yangu haikuzaa matunda. Hapana. Sikwenda kumtafuta fundi wa vyombo, nilikwenda kumtafuta ndugu. Tena, kusamehe si lazima kumpa mtu funguo za ofisi siku hiyo hiyo. Barnaba alitembea na Marko. Uaminifu hujengwa njiani.

Biblia haituelezi Paulo na Marko walipatana siku gani. Inatuonyesha matunda. Katika Wakolosai, Paulo analiagiza kanisa limpokee Marko. Na mwishoni, akiwa mfungwa, Dema amemwacha, Luka peke yake ndiye aliye naye, anamwandikia Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa huduma. Yule aliyemkataa ndiye anayemwita! Huko ndiko kukua, wapendwa. Kukua si kuongezewa cheo, ni kuweza kusema: nilimkataa, sasa namhitaji.

Wiki hii, Marko wako ni nani? Yule ambaye ukimwona unavuka barabara? Usingoje kesha wala semina. Nenda.

Tuombe: Baba, tuondolee kiburi kinachojificha ndani ya huduma. Tupe ujasiri wa kubisha mlango tulioufunga wenyewe, na neema ya kusikiliza kabla ya kujitetea. Katika jina la Yesu. Amina.