Sharti: Maana na Matumizi Yake

Sharti ni jambo linalopaswa kuwepo ili jambo jingine lisihi au litokee. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na katika Kiswahili lina kazi mbili. Kama nomino, wingi wake ni masharti: masharti ya mkataba, ya mkopo, ya mganga. Likitangulia kitenzi, huwa neno la kulazimisha: "sharti uje", yaani huna budi kuja. Ndugu yake, shuruti, limeelemea zaidi upande wa nguvu, likazaa kitenzi shurutisha.

Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, huliwekea neno hili mpaka ulio wazi zaidi. Kwao, sharti ni kile ambacho kisipokuwepo, hukumu nayo haipo. Lakini kuwepo kwake hakuilazimishi hukumu iwepo. Hapo ndipo linapoachana na sababu, ambayo ikiwepo huleta hukumu, na kizuizi, ambacho kikiwepo huiondoa. Katika zaka ya fedha na dhahabu, mali kufika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachopasa zaka, ni sababu. Kupitiwa na mwaka wa mwandamo ni sharti. Mwenye akiba ndogo isiyofika nisabu anaweza kukaa nayo miaka 10 na zaka isimpate. Mwaka umetimia mara 10, sababu haijapatikana.

Sharti pia si nguzo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, twahara, kusitiri utupu, kuelekea kibla na kuingia kwa wakati ni masharti ya swala. Takbira ya kuhirimia, Fatiha, rukuu na sujudu ni nguzo. Nguzo ni sehemu ya tendo, nayo hupita: rukuu huisha ndipo sujudu ifuate. Sharti liko nje ya tendo, lakini hulisindikiza tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyetokwa na udhu akiwa kwenye tahiyatu, kabla ya kutoa salamu, swala yake imebatilika hata kama rukuu na sujudu zote zilikamilika.

Masharti yenyewe ni ya namna mbili. Kubaleghe ni sharti la wajibu: mtoto wa miaka 8 mwenye kupambanua hajawajibika kuswali, lakini akiswali swala yake inasihi. Udhu ni sharti la kusihi: mtu mzima asiye nao wajibu unabaki shingoni mwake, ila swala haisihi mpaka autie, au atayamamu anaporuhusiwa.

Wanafalsafa nao hutenganisha sharti la lazima na sharti linalotosha. Methali "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" inaonyesha tofauti hiyo. Asiyeinama hakipati; lakini aliyeinama bado hajakipata. Mkono ufike, na kitu chenyewe kiwemo. Methali imetaja la lazima, haikuahidi kwamba linatosha.

Makosa mengi ya hoja huanzia hapo. Mtu hutimiza sharti akadhani amekwisha kustahiki matokeo: amesoma, basi kazi ni yake, ametawadha, basi ameswali. Kukosekana kwa sharti huzuia jambo. Kutimia kwake hakulifanyi jambo lenyewe.