Nani ana haki ya kusema "hii ni nzima"?

Mutakura iko upande wa kaskazini wa Bujumbura, na uwanja wa ndege hauko mbali. Mtoto wa huko anakua akisikia ndege juu ya kichwa, huku chini barabarani fundi kakaa kwenye kigoda, mbele yake rundo la vipuri, au piyesi kama tunavyosema Buja: swichi, rilei, waya, altaneta, bateri, vyote vimetolewa kwenye magari yaliyokufa. Basi hakuna ajabu kumsikia kijana akisema, "Mimi siku moja nitaunda ndege yangu." Watu wanacheka. Mimi sicheki, kwa sababu wapo waliojaribu. Kenya, Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta, alijulikana mwaka 2010 kwa kuunda ndege nyumbani kwa injini ya gari. Tunduma, Tanzania, fundi Adam Kinyekire aliunda helikopta yake mwenyewe.

Swali langu si kama wanaweza. Swali ni hili: swichi iliyotoka kwenye gari lililogongwa, nani ana haki ya kusema ni nzima? Na akishasema, anamdai nini yule atakayeiamini? Sisi wa kambini hatuundi ndege. Lakini tunaishi kwa vifaa vilivyotumika: bateri ya sola, waya wa kuunga, chaja ya simu. Na nyumba ya turubai na majani haihitaji cheche nyingi.

Tuanze na kazi yenyewe. Fundi wa haraka anaweka mita kwenye mlio, anagusa ncha mbili za waya, mita inalia, anasema "nzima". Kumbe waya una nyuzi nyingi ndani. Hata zikikatika zote ikabaki moja tu, mita italia vilevile, maana inapitisha umeme kidogo sana. Pitisha ampea 10 uone: uzi ule mmoja unapata moto. Bateri nayo ni hivyo hivyo. Ikipumzika inaonyesha volti 12.6, unafurahi. Iwashie taa kubwa ya gari. Kama imechoka, baada ya muda mfupi iko chini ya 10.5. Haikuwa na nguvu, ilikuwa na sura ya nguvu.

Ndiyo maana fundi wa kweli anapima chini ya mzigo. Anapitisha umeme uleule ambao kifaa kitabeba kazini. Anaangalia volti ngapi zinapotea kwenye swichi, anasikiliza joto lake, anaitikisa, kwa sababu ndege inatetemeka muda wote. Kikishapata moto, anapima tena.

Hata hapo kuna kitu mita haiwezi kusema: kifaa kilitoka wapi. Kiliwahi kuzama kwenye maji? Kiliungua kikasafishwa? Kwenye ndege za abiria, kifaa kisicho na karatasi za historia yake hakifungwi, hata kama kinafanya kazi vizuri kabisa. Najua neno hilo linatuuma sisi. Tumesimama kwenye foleni nyingi bila karatasi, tukiwa wazima. Lakini tusijifananishe na swichi. Mtu asiye na karatasi anaweza kusimulia mwenyewe alikotoka, na anastahili kusikilizwa. Swichi haina mdomo. Anayeijua asiposema, hakuna mwingine wa kuisemea.

Wengi wanajibu swali langu kwa kanuni moja: aliyepima apande kwanza. Ni kanuni nzuri. William Kamkwamba wa Malawi aliunda kinu cha upepo kwa dainamo ya baiskeli na feni ya trekta, akaleta umeme kwao. Alipoona nyaya zinaweza kugusana na kuchoma nyumba, aliunda kifaa cha kukata umeme kwa misumari, waya na sumaku. Alikuwa analala chini ya paa hilohilo. Anayelala chini ya waya wake anapima vizuri.

Lakini kanuni hiyo haitoshi. Jasiri naye hupanda, na mjinga hupanda. Kupanda kwake kunaonyesha kwamba anaamini, hakuonyeshi kwamba ana haki ya kumpandisha mwingine. Marekani, ambako watu wengi huunda ndege nyumbani, sheria haimkatazi mtu kuhatarisha maisha yake mwenyewe. Inamwambia kwanza arushe ndege bila abiria, kwa kawaida saa 25 au 40. Halafu inamlazimu aweke ndani maandishi mbele ya macho ya abiria, kwamba ndege hii imeundwa na mtu binafsi na haifikii masharti ya usalama ya ndege za kawaida. Yaani sheria haidai kila kitu kiwe kipya. Inadai ukweli usemwe kabla mtu hajakaa.

Basi tumalizie hapo? Fundi apime chini ya mzigo, aseme alichopima na asichopima, mnunuzi aamue? Hapana, bado.

Mwanamuziki John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 huko California, kwenye ndege ndogo iliyoundwa nyumbani na mtu mwingine. Mwundaji alikuwa ameweka koki ya kubadilisha tangi la mafuta nyuma ya bega la rubani, tofauti na mchoro wa asili. Wachunguzi waliona kwamba Denver alipogeuka kuifikia, ndege ilimponyoka. Na alijua koki iko wapi. Siku hiyohiyo, kabla ya kuruka, aliongea na fundi juu ya usumbufu wake. Kuambiwa hakukumwokoa. Uamuzi wa mtu mwingine ulikuwa umeshafungwa ndani ya ndege yake.

Hata hivyo Denver aliweza kukataa kuruka. Mama anayenunua bateri ya pekee iliyobaki sokoni kambini, mtoto wake anaumwa, usiku unaingia, anakataa vipi? Ukimwambia "mama, hii sijui historia yake", umesema kweli. Lakini atainunua tu. Hapo ukweli wako umekusafisha wewe, yeye haukumlinda.

Kwa hiyo nasema hivi: kadiri mnunuzi anavyokosa cha kuchagua, ndivyo sehemu ya hatari inavyorudi kwa aliyepima. Kusema peke yake kunatosha kwa tajiri anayeunda ndege ya kujifurahisha. Kwa mama huyu, fundi anadaiwa zaidi: aweke fyuzi hata kama hajalipwa, aandike kwenye kipande cha karatasi bateri isitumike kwa nini, apite baada ya siku chache aguse waya kama una joto. Wengine watasema fundi naye ni maskini. Ni kweli, na fyuzi ina bei. Ila nyumba ya jirani ikiwaka, moto hautauliza nani alikuwa maskini zaidi.

Ndugu zetu wa mashirika, haya yanawahusu pia. Mara nyingi tunaweka dole gumba chini ya maneno "nimeelezwa na nimekubali": taa, jiko, mpango, safari. Tumeelezwa, sawa. Lakini tungesema hapana, tungeenda wapi? Msiihesabu alama ile ya dole kama ilivyo ya mtu mwenye njia mbili. Ihesabuni kama mita iliyolia bila mzigo, kisha rudini mpime tena tukiwa tunakitumia.