Msalaba Juu ya Kwihara

Mwezi wa Mei, kati ya saa tatu na saa tano za usiku, mtu asimamaye Kwihara, karibu na mji wa Tabora, na kutazama upande wa kusini, huona nyota nne zenye umbo la msalaba uliosimama wima. Ndio Msalaba wa Kusini, kundi dogo kuliko yote 88 yanayotambuliwa na wataalamu wa nyota. Wazazi wengi wamewaonyesha watoto wao. Lakini je, msalaba ule umo mbinguni kweli, au umo machoni mwetu tu?

Elimu yajibu bila kusita. Nyota zile si majirani. Mwanga wa ile ya juu hutumia miaka ipatayo 88 kutufikia, na wa ile ya chini miaka ipatayo 320. Zaonekana pamoja kwa sababu twazitazama kutoka hapa. Ptolemaio wa Aleksandria, katika karne ya pili, alizihesabu katika miguu ya kiumbe nusu mtu nusu farasi. Baadaye zikatoweka machoni pa watu wa Ulaya, kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ichezwayo na watoto. Watswana waliona twiga. Mwitalia Andrea Corsali, aliyesafiri na Wareno, alizichora na kuzisifu kuwa msalaba katika barua yake ya mwaka 1515.

Basi jina ni letu. Huenda wengine wakadhani kwamba kwa kusema hivyo twaupunguzia msalaba heshima. Sisi twaona kinyume: kama jina tumelitoa sisi, deni lake nalo ni letu. Mabaharia walioufurahia msalaba ule walikuwa Wakristo waliobatizwa, na merikebu za mataifa yao zilibeba watumwa karne nyingi chini ya nyota hizo hizo. Aibu hiyo tusiwasukumie wengine.

Huku kwetu, njia ya misafara ya Unyanyembe ilipitisha pembe za ndovu, na mateka wenye kongwa shingoni. David Livingstone alikaa katika tembe la Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi kutoka pwani. Hapo, tarehe 1 Mei, alimaliza barua kwa gazeti moja la New York, akiulaani uchuuzi wa watu. Msalaba wa Mei uliwaangazia wachuuzi na mateka sawasawa, wala haukumkemea mtu. (Mwaka 1922 wataalamu walikubaliana huko Roma juu ya hesabu ya makundi ya nyota, ni mwaka huo huo sheria ilipofuta utumwa Tanganyika. Naam, ilichelewa hivyo.)

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, mbali kusini. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake, wakafika Kwihara mwezi wa Oktoba. Chuma mwenyewe aliokolewa mikononi mwa wachuuzi wa watumwa mwaka 1861. Sasa alipita njia ya makongwa kwa hiari yake, akisindikiza maiti ya rafiki. Walishauriwa wamzike hapo hapo. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, wakawasili Februari 1874.

Jioni za Oktoba Msalaba haupo angani Kwihara. Hufuatana na jua, ukachungulia kidogo tu kabla ya mapambazuko. Watu wale walipotua mzigo wao wakati wa magharibi, kusini hapakuwa na alama yoyote ya kutazama.